Anza na Mlima: Namna ya Kutambua Picha za Kale za Nakuru na Miji Jirani

Ukipewa picha ya kale inayodaiwa kuwa ya Nakuru, usianze kulitazama jengo. Tazama kilicho nyuma yake. Duka la mabati lenye kibaraza mbele lilijengwa kwa sura ileile Naivasha, Gilgil, Njoro, Molo na hata Kisumu, kwa sababu mabati yalisafirishwa kwa reli moja na mafundi wakayafuata. Majengo ya namna hiyo yamebomolewa, yameungua, yamebadilishwa paa na kuongezwa ghorofa. Milima imebaki pale pale ilipokuwa siku picha ilipopigwa, na ndiyo shahidi wako wa kwanza.

Jifunze basi sura za milima kabla ya kujifunza sura za majengo. Ukiwa katikati ya Nakuru, Menengai iko kaskazini: mgongo mrefu unaopanda taratibu, usio na kilele kilichochongoka. Mgeni anayeutazama kutoka mjini hawezi kudhani kwamba nyuma yake kuna kreta yenye urefu wa kilomita zipatazo kumi na mbili. Geuka kusini uone ziwa, na Lion Hill upande wako wa kushoto, mashariki mwa maji. Kulia kwako, mbali zaidi, ni ukuta wa Mau. Bahati iko kaskazini mashariki. Huko Naivasha alama ni Longonot, mita 2,776, mlima wenye ukingo uliomeguka meguka na unaojitambulisha hata kwenye picha iliyofifia. Elementaita ina kile kilima kinachofanana na mtu aliyelala chali, ambacho wazungu walizoea kukiita pua ya Delamere. Molo na Elburgon hazina mlima mmoja wa kushika jicho. Huko utaona misitu, ukungu, na nyumba zenye dohani, kwa sababu Molo iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari na hakuna aliyelala huko bila moto.

Chukua kioo cha kukuza, au skani picha kisha uikuze kwenye kompyuta, ufuate mstari wa upeo wa macho kutoka kushoto hadi kulia. Uchore kwenye karatasi ya kupitishia mwanga. Halafu nenda mahali unapodhani ndipo, uusimamishe mchoro wako mbele ya mlima wenyewe. Mstari ukikubali, umeshapata upande ambao mpiga picha alielekea, na mara nyingi barabara aliyosimama. Kazi hii haihitaji fedha wala ujuzi mkubwa, ila wengi huiruka na kukimbilia kubahatisha jina la duka.

Kuna tahadhari moja kuhusu ziwa. Usitumie ukingo wa maji kukadiria mwaka. Ziwa Nakuru hupanda na kushuka bila kumwuliza mtu: katika miaka ya 1990 lilikauka karibu lote, na kuanzia mwaka 2010 likafurika hadi lango kuu la hifadhi likamezwa na maji na njia zikahamishwa. Picha yenye tope jeupe hadi mbali inaweza kuwa ya zamani au ya juzi tu.

Baada ya mlima, soma kivuli. Hapa vitabu vya Ulaya vitakupotosha, maana vimeandikwa kwa nchi ambazo jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Nakuru iko chini kidogo tu ya ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua hupita kaskazini mwa mji, na miezi iliyobaki hupita kusini. Kwa hiyo picha inaweza kukutajia msimu.

Tufanye kazi hii pamoja kwa picha ya aina unayoweza kuikuta katika albamu yoyote. Mbele kuna safu ya maduka ya mabati, kibaraza chenye nguzo za mbao, wanaume wanne, baiskeli moja imeegemezwa. Nyuma ya paa kuna mgongo mrefu mtulivu, nawe umeshauthibitisha kuwa ni Menengai. Basi kamera imeelekea kaskazini, na uso wa maduka unaokutazama umeelekea kusini. Sasa angalia ukuta. Kama jua limeupiga ukuta huo hadi ndani ya kibaraza, jua lilikuwa kusini, na picha ni ya kati ya Oktoba na Machi. Kama uso wote umo kivulini na mwanga unaangukia mgongo wa paa, ni ile nusu nyingine ya mwaka. Kisha tazama kivuli cha baiskeli. Kikilala kushoto, yaani magharibi, ni asubuhi. Kikilala kulia, ni alasiri. Bado hujajua mwaka, lakini umeshajua mahali, upande, msimu na saa, na mtu akija na maelezo kwamba ile ni picha ya sherehe fulani ya Juni saa tisa, una jibu la kumpa.

Kabla ya kuamini kushoto na kulia, hakikisha picha haikugeuzwa. Negativu za vioo na slaidi za rangi husafishwa kinyume kwa urahisi sana. Maandishi ya bango yatakuonyesha mara moja. Kama hakuna bango, tazama koti la mwanamume: upande wa kushoto hufunika wa kulia. Tazama magari pia, kwani Kenya usukani uko kulia na magari hupita kushoto. Ukikuta Menengai ina umbo sahihi lakini mteremko umegeuka, usilaumu kumbukumbu yako, geuza picha.

Mwaka ndio mgumu, na namna bora ya kuufikia ni kuubana kutoka pande mbili: tafuta kitu kinachothibitisha kwamba picha haiwezi kuwa ya kabla ya siku fulani, na kingine kinachoonyesha haiwezi kuwa ya baada ya siku nyingine. Reli ndiyo kipimo kikubwa cha Nakuru. Ilifika hapa mwaka 1900, na mwishoni mwa mwaka 1901 ikawa imefika Kisumu, wakati huo Port Florence. Nakuru ilitangazwa kuwa mji mwaka 1904. Mtu akikuletea picha ya mtaa wenye maduka Nakuru na nyuma yake kumeandikwa 1895, mwambie kwa upole kwamba maduka hayo hayakuwapo. Njia ya kwenda Eldoret ilianza kujengwa mapema miaka ya 1920 ikafika Eldoret mwaka 1924, na tangu hapo Nakuru ikawa na njia panda yake. Jengo la stesheni linaloonekana leo lilifunguliwa mwaka 1957. Kila picha inayolionyesha ni ya mwaka huo au baadaye, na kila picha ya stesheni ya zamani inastahili kutunzwa kwa uangalifu wa pekee.

Kuna mabehewa pia. Herufi zilizopigwa ubavuni mwayo ni kalenda kamili kwa anayeijua. U.R. ni ya ile reli iliyoitwa ya Uganda, hadi katikati ya miaka ya 1920. K.U.R. ni ya Kenya na Uganda, hadi 1948. Mwaka huo reli ya Tanganyika iliunganishwa nazo, zikaja herufi E.A.R. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Kenya ikabaki na reli yake yenyewe na herufi zake. Kumbuka tu kwamba behewa halikupakwa rangi upya siku jina lilipobadilika. Herufi za zamani zilizunguka kwenye njia kwa miaka. Kwa hiyo herufi mpya ni ushahidi wenye nguvu wa upande wa mwanzo, na herufi za zamani ni ushahidi dhaifu wa upande wa mwisho. Kanuni hiyo inafaa kwa karibu kila kitu unachokiona pichani, kuanzia nguo hadi taa za barabarani: kipya hukupa mwaka, cha zamani hakikupi.

Magari yana manufaa kama namba zinasomeka. Zile za herufi tatu na tarakimu bila herufi ya mwisho zilikoma mwishoni mwa miaka ya 1980, zikafuatwa na hizi tulizozizoea zenye herufi ya mwisho. Bango la sinema nalo ni zuri, kwani jina la filamu likisomeka utajua picha si ya kabla ya filamu hiyo kutoka, ingawa filamu zilichukua muda kufika miji ya Bonde la Ufa. Bendera ni rahisi kuliko vyote: usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963 ilishushwa moja ikapandishwa nyingine. Miti nayo itazame. Mjakaranda mchanga uliozungushiwa uzio mdogo kando ya barabara, na mjakaranda huohuo ukiwa umefunika barabara nzima, ni picha mbili zilizoachana miaka mingi, na ukizipata zote mbili kwa mtaa mmoja unaweza kuzipanga hata bila tarehe. Maua yake ya zambarau hushamiri karibu na Septemba hadi Novemba, jambo linalosaidia kwenye picha za rangi.

Tazama watu kwa makini kuliko unavyotazama vitu. Wanaume Waafrika wa picha za miaka ya 1920 na 1930 wakati mwingine wana kikasha kidogo cha chuma kinachoning'inia shingoni. Hicho kilibeba kipande, yaani kitambulisho. Kilianza kulazimishwa karibu na mwaka 1920 na kikaondolewa mwaka 1947. Kukiona kwenye kifua cha mtu aliyesimama pembeni ya ukuta anaoujenga hukupa kipindi kwa uhakika mkubwa, na hukuambia pia ukuta ule ulijengwa katika hali gani. Nimeona maelezo mengi ya picha za Bonde la Ufa yanayomtaja mwenye shamba kwa jina la kwanza, la ukoo na cheo, kisha yanawafunga watu kumi waliosimama mbele yake katika neno moja tu, "vibarua". Ukitambua jengo na ukaridhika na hapo, kazi imebaki nusu. Andika idadi ya watu, mahali walipo kutoka kushoto kwenda kulia, wanachoshika mkononi, walivyovaa. Kuna mjukuu mahali fulani, Bahati au Rongai au Subukia, ambaye siku moja atamtambua mmoja wao, na atamtambua tu kama wewe uliacha nafasi ya jina lake.

Geuza picha. Nyuma yake huwa na habari zaidi kuliko mbele, na watu wengi hawaitazami. Muhuri wa studio hukuambia picha ilisafishwa wapi, ingawa haimaanishi ilipigwa hapo. Mkulima wa Njoro angeweza kupeleka filamu Nairobi. Picha yenye kingo zilizokatwa meno ni ya kawaida kati ya miaka ya 1930 na 1950. Ile yenye mwezi na mwaka uliochapwa kwenye ukingo mweupe hukupa tarehe ya kusafishwa, nayo filamu ingeweza kulala ndani ya kamera kwa miezi. Picha ya rangi yenye pembe za mviringo ni ya miaka ya 1970 au karibu na hapo. Kwenye postikadi kuna stempu: kichwa cha Edward wa Saba hadi 1910, George wa Tano hadi 1936, George wa Sita hadi 1952, kisha Malkia Elizabeth. Muhuri wa posta ukisomeka, umepata siku ambayo picha ilikuwa tayari ipo. Lakini postikadi ziliuzwa dukani kwa miaka mingi baada ya kupigwa, kwa hiyo muhuri wa 1930 unaweza kuwa juu ya picha ya 1915.

Maandishi ya mkono yana thamani, nayo ndiyo yanayopotosha zaidi. Mara nyingi aliyeandika "Nakuru, 1922" aliandika akiwa mzee, akiwa Uingereza, akipanga albamu jioni moja. Majina ya barabara nayo ni mtego. Nairobi ilikuwa na Delamere Avenue, ambayo leo ni Kenyatta Avenue, na Nakuru pia ina Kenyatta Avenue. Mtu anayenakili maelezo kutoka albamu hadi albamu anaweza kuhamisha jengo zima kilomita 160 bila kujua. Thomson's Falls ni Nyahururu. Ukikuta jina hilo usiliweke kando kama mji uliopotea.

Kuna jengo moja ninalolitumia kila mara kuwafundisha wengine, nalo ni kasri la Lord Egerton kule Ngata, karibu na Njoro. Maurice Egerton alianza kulijenga mwaka 1938, Vita vya Pili vya Dunia vikaisimamisha kazi, na halikukamilika hadi mwaka 1954. Mwenyewe alifariki mwaka 1958. Sasa fikiria picha ya kuta zake zikiwa nusu, mawe yamepangwa, hakuna paa, majani yameota kwenye msingi. Asiyejua historia yake atasema ni magofu, na atatafuta jengo lililoungua au kuvunjwa. Kumbe ni jengo lililokuwa linasubiri vita viishe. Kabla ya kuliita gofu, tazama kingo za juu za kuta. Ukuta unaobomoka una kingo zilizomeguka ovyo, na mawe yaliyoanguka yamelala chini yake. Ukuta unaojengwa una ngazi safi mahali fundi alipoishia, matundu ya mihimili ya jukwaa, na mawe ya kuchonga yaliyorundikwa yakingoja. Tofauti hiyo inaonekana hata kwenye picha ndogo, ukijua pa kutazama.

Upande wa pili wa mambo ni majengo yaliyopata madhara kweli. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko kubwa, karibu 6.9 kwa kipimo cha nguvu, lilipiga Subukia na kupasua ardhi kando ya ukuta wa Laikipia. Kwa nyumba ya mawe ya eneo lile, linganisha dohani na kuta za picha za kabla na za baada ya hapo. Ufa uliozibwa au dohani iliyojengwa upya kwa mawe ya rangi nyingine inaweza kukusaidia kupanga picha, mradi usiseme ni tetemeko bila ushahidi mwingine. Kosa la namna nyingine ni kulizeesha jengo: kanisa dogo la Waitaliano kule Mai Mahiu, lililojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita waliokuwa wakitengeneza barabara, hutajwa mara nyingine kana kwamba ni la wamishonari wa zamani. Mwaka wake unajulikana. Picha yake haiwezi kuwa ya kabla ya hapo.

Ukishamaliza kuisoma picha yenyewe, ndipo uende kwa watu. Mpangilio huu ni wa makusudi. Mzee akikuambia jambo kabla hujatazama mwenyewe, utaona alichokisema badala ya kilichopo. Nenda mitaa ya Bondeni, Kivumbini, Flamingo, kwa wastaafu wa reli na kwa familia zenye maduka ya zamani. Usimwambie, "Mzee, hii si ndiyo stesheni ya zamani?" Atakubali kwa heshima yako. Mwulize tu, "Shikamoo mzee. Hapa ni wapi?" kisha unyamaze. Mpe muda. Akitaja jina, mwulize anajuaje: ni mlango, ni mti, ni ngazi aliyokuwa akikaa akisubiri mshahara? Sababu hiyo ndiyo unayoiandika, kwa maneno yake. Kisha mpelekee mwingine ambaye hajazungumza na wa kwanza. Wakikubaliana bila kupangana, una jambo zito mkononi. Wakitofautiana, andika yote mawili.

Albamu nyingi hazipo Nakuru tena. Walowezi wengi waliondoka karibu na uhuru, na familia nyingi za Kihindi zikahamia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, kila mmoja na picha zake kwenye sanduku. Ndiyo maana mtaa wako unaweza kuwa umetunzwa vizuri zaidi Leicester kuliko hapa. Tafuta mkusanyo wa Winterton kwenye Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, ambazo unaweza kuzitazama kwenye intaneti. Hifadhi ya Bristol, Uingereza, ina picha na filamu nyingi za enzi ya ukoloni. Nyumbani, anza na Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi, uulize ripoti za mwaka za Wilaya ya Nakuru na mafaili ya Mkuu wa Mkoa wa Bonde la Ufa. Jumba la Makumbusho ya Reli liko karibu na stesheni ya Nairobi. Kwa majina ya maduka, hakuna kinachoshinda gazeti rasmi la serikali: leseni za pombe, ploti zilizopigwa mnada na mirathi ya wafanyabiashara vilichapishwa humo, mwaka kwa mwaka. Jina linalosomeka nusu juu ya kibaraza, herufi nne tu, linaweza kukamilika kwenye orodha moja ya leseni.

Kuhusu kutunza picha yenyewe, ninasema machache kwa sababu kanuni ni chache. Usiibandue kwa nguvu kutoka kwenye albamu. Piga picha ukurasa mzima kwanza. Zile albamu za plastiki zenye gundi za miaka ya 1970 huharibu picha, kwa hiyo picha zinazotoka zenyewe zihamishe. Usiandike kwa kalamu ya wino nyuma, tumia penseli laini, na uiweke picha juu ya kioo unapoandika ili isipate alama upande wa mbele. Skani pande zote mbili, kwa nukta 600 kwa inchi au zaidi, na usirekebishe rangi kwenye nakala kuu. Nakala ya kuchezea iwe nyingine.

Mwisho andika maelezo yanayotenganisha unachokijua na unachokidhani. Mimi hutumia ngazi tatu: hakika, karibu hakika, dhana. Maelezo ya ile picha ya maduka yangeweza kusomeka hivi: "Safu ya maduka ya mabati, Nakuru, kamera imeelekea kaskazini, hakika, kwa mstari wa Menengai. Asubuhi, kati ya Oktoba na Machi. Hakika, kwa vivuli. Kati ya 1920 na 1947. Karibu hakika, kwa kipande cha mtu wa pili kutoka kushoto. Mtaa wenyewe: dhana, kwa maneno ya wazee wawili. Wanaume wanne, majina hayajapatikana." Ongeza jina la aliyekuruhusu kuitumia picha kama amekubali litajwe, na tarehe uliyoiandika. Kisha mrudishie mwenyewe picha yake halisi pamoja na nakala ya maelezo hayo, kabla hujampa mtu mwingine yeyote.